Jinsi ya kumpata karani tamba na kumtazama akiwinda

Wageni wangu wakisikia "ndege mwindaji" wote hutazama juu. Kwa karani tamba tazama chini, maana ndege huyu huwinda kwa miguu.

Hatua ya 1: Chagua nyasi. Nenda Serengeti kusini, upande wa Ndutu, kwenye nyasi zisizofika magotini. Zikiwa ndefu haoni windo. Nyika iliyoungua karibuni ni bora zaidi: panzi na panya hawana tena pa kujificha.

Hatua ya 2: Usiwahi mno. Hulala juu ya mgunga, na hashuki mpaka jua lipande kidogo. Nimepoteza alfajiri nyingi kabla ya kulijua hilo. Kunywa chai kwanza.

Hatua ya 3: Mtambue. Kwa mbali wengi humdhania korongo. Ana kimo cha mita 1.3 hivi, mwili wa kijivu, mapaja meusi kana kwamba kavaa kaptula, uso wa rangi ya chungwa, na kisogoni manyoya marefu meusi mithili ya kalamu. Mwenye uso wa njano ni kijana bado.

Hatua ya 4: Tangulia, usifuate. Kwa siku anaweza kutembea zaidi ya kilomita 20. Angalia anakoelekea, pita mbele bila kuacha barabara, zima injini. Mtafute na mwenzake. Mara nyingi hayuko mbali.

Hatua ya 5: Kaza macho kwenye miguu. Hukanyagakanyaga kichaka cha nyasi, kitu kikichomoka hukikimbilia mabawa yakiwa nusu wazi, kisha teke la kichwani. Kucha zake ni fupi na butu, si za kukamata na kubeba kama za tai, kwa hiyo silaha yake ni pigo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016, vya ndege mmoja aliyefugwa Uingereza, vilionyesha teke lenye nguvu mara 5 ya uzito wake, mguu ukigusa shabaha kwa takriban milisekunde 15 (sehemu 15 kati ya elfu moja za sekunde). Ndiyo maana kasi ya shata ya kamera naiweka sekunde 1/2000. Ikiwa ya polepole zaidi, picha itatoka na ukungu. Windo likilegea, mara nyingi humezwa zima.

Usisubiri nyoka. Humpiga, hata mwenye sumu, lakini siku nyingi utaona panzi tu.

Hatua ya 6: Ukiona rundo pana la vijiti juu ya mgunga, hicho ni kiota chake. Tangu 2020 ndege huyu yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Pitiliza, usisimame hata kwa picha moja.