Ukitaka kwenda nyumbani kwa Jane Austen, fanya hivi

Jane Austen ni yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Kwanza usichanganye nyumba. Watu wengi wanakimbilia mji wa Bath kwa sababu jina lake limezagaa kule, ila nyumba ambayo vitabu vimetokea iko Chawton, kijiji kidogo huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, na mimi nakushauri uanzie hapo.

Tiketi nunua kabla mtandaoni na uangalie siku wanazofungua maana zinabadilika na msimu. Toka London panda treni pale Waterloo inayoenda Alton, safari ya kama saa moja na robo hivi, na Alton ndo kituo cha mwisho kwa hiyo hata ukisinzia hupitilizwi. Ukishuka kuna basi namba 64 la kwenda Winchester linapita karibu na kijiji, au tembea tu, nusu saa na kidogo. Kama mvua hainyeshi tembea, Jane na dada yake walikuwa wanaenda Alton kununua vitu kwa miguu hivyohivyo.

Ukiingia ndani usikimbilie ghorofani. Nenda chumba cha kulia, karibu na dirisha kuna kimeza cha mbao ya mjozi, pande 12, mguu mmoja, yaani sinia la pilau halikai pale juu. Simama hapo taratibu. Baba yao alifariki 1805, Jane na mama yake na dada yake Cassandra wakawa wa kuhamahama, leo kwa ndugu huyu kesho kwingine, na miaka hiyo hakumaliza riwaya hata moja. 1809 kaka yao Edward, aliyerithi mali ya ndugu matajiri, akawapa hii nyumba wakakaa na rafiki yao Martha Lloyd, na ile kutulia tu riwaya yake Sense and Sensibility ikatoka 1811, Pride and Prejudice 1813, halafu Mansfield Park na Emma zikafuata!! Mimi kile kimeza kilinitoa machozi kabisa, sifichi.

Juu utaona chumba walicholala yeye na Cassandra. Tafuta pia lile shuka la viraka waliloshona wenyewe na mama yao, sogea karibu uone vipande vilivyokatwa mshazari kama kashata, vidogovidogo, na mishono yake imenyooka balaa.

Ukitoka, nenda kanisa la St Nicholas hapohapo kijijini, mama na Cassandra wamezikwa pale. Jane mwenyewe yuko Winchester, alipelekwa kutibiwa Mei 1817 akafariki Julai 18, miaka 41 tu, kwa hiyo kama muda unaruhusu panda hiyo 64 uendelee mpaka kanisa kuu. Jiwe la kaburi liko sakafuni, linasifia tabia na akili zake weee lakini vitabu halivitaji, sasa usiondoke, angalia ukutani karibu na hapo, kuna bamba la shaba la 1872, hilo ndo linasema alikuwa mwandishi.