Staa unataka kampuni yako ya muvi? Pitia njia ya Marilyn Monroe

Ukisikia staa kafungua kampuni unawaza logo na ofisi yenye AC, kumbe hayo ndo ya mwisho kabisa. Mchukue Marilyn Monroe, staa wa muvi wa Marekani ambae wengi walimuona sura tu, mwezi wa kwanza 1955 akaita waandishi New York akawaambia ana kampuni, Marilyn Monroe Productions. Tuanzie hapo.

Kwanza toa mkataba ulionao usome wote, na loya awe pembeni. Marilyn alikuwa kwenye studio ya muvi ya Fox analipwa kwa wiki, kwenye Gentlemen Prefer Blondes (1953) mwenzake Jane Russell alivuta hela nyingi kuliko yeye mbali kabisa, na skripti alikuwa anapangiwa, mwanzoni mwa 1954 akagomea moja wakamsimamisha. Kwa hiyo kabla ya kusajili chochote jua umefungwa na nani na mpaka lini.

Halafu mshirika. Yeye alimchukua Milton Greene, mpiga picha wa magazeti, wala hakuwa mtu wa studio. Hisa wakagawana asilimia 51 za Marilyn, 49 za Greene, na hapo naomba usipite haraka. Mkibishana nani awe dairekta, inapigwa kura, 51 inashinda, kikao kimeisha mnaenda kula. Sisi tunapenda nusu kwa nusu kisa ni washkaji, siku mkinuniana kampuni inabaki kama daladala yenye madereva wawili, haiendi popote na abiria wanashuka.

Hela ya kula nayo uipange, hii watu hawaisemi kabisa. Ukigoma mshahara unakatika hapohapo ila kodi ya nyumba haigomi. Marilyn 1955 yote, akiwa kagombana na Fox, gharama zake za kuishi New York alikuwa anabeba Greene. Wewe kama huna Greene wako piga hesabu ya mwaka mzima kwanza ndo ugome.

Kurudi mezani na studio subiri wakuhitaji. Juni 1955 The Seven Year Itch, muvi aliyowachezea Fox, ikatoka, ikaingiza hela hatari, Fox wakaona huyu hatumuachii, na tarehe 31 Desemba wakasaini upya: muvi 4 ndani ya miaka 7, dola 100,000 kila moja, dairekta lazima amkubali yeye, na ruhusa ya kufanya kazi zake nje ya Fox. Angerudi mapema akiwa na njaa asingepata hata robo ya hayo, mi naamini hivyo.

Hadithi inunue iwe ya kampuni. Wao walinunua haki za tamthilia ya Terence Rattigan, ikawa The Prince and the Showgirl (1957), wakashuti Uingereza kwenye studio za Pinewood, usambazaji wakawapa studio ya Warner. Walipokosea ni kumpa muigizaji Laurence Olivier udairekta na hapohapo ndo anaigiza nae, wakagombana weee. Anaekubusu kwenye sini asiwe ndo anaekufokea ukisahau mistari.

Na kutengana mkuandike. Hiyo ndo muvi pekee kampuni ilitengeneza yenyewe, maana mwaka huohuo wa 1957 Marilyn na Greene walivurugana, Greene akatolewa kwa kulipwa hisa zake. Kwahiyo kipengele cha mmoja akitoka hisa zake zinapigiwaje hesabu na nani ananunua, kiwekeni siku ileile ya kusaini, mkiwa bado mnacheka.