Kabla ya Kumnunulia Mwenzako Skrambla ya Kwanza

Pikipiki ya kwanza niliyomletea mke wangu ilikuwa nzuri sana, na ndiyo iliyomfanya akae miezi minne bila kutaka kusikia habari za pikipiki. Ilikuwa ya cc 250, ndefu, ya kukufikisha Magadi na kukurudisha bila kuhema. Niliishusha kutoka kwenye pikapu jioni, akaipanda pale getini, akajaribu kuigeuza. Mguu wake wa kushoto ukatafuta ardhi usiipate, na kilo zaidi ya 140 zikamlalia pajani. Hakuvunjika. Alipoinuka aliniambia, "Baba watoto, hii ni yako. Yangu bado hujanunua."

Alisema kweli. Nilikuwa nimenunua kwa miguu yangu, kwa nguvu zangu na kwa safari nilizoziota mimi. Tangu hapo nimeombwa ushauri na marafiki kadhaa hapa Nairobi wanaotaka waume au wake zao wajifunze kuendesha skrambla, yaani pikipiki za kwenye vumbi na mawe, nami huwaambia jambo moja kabla ya kutaja chapa yoyote: mwanafunzi hawezi kutofautisha kosa lake na kosa la mashine. Kiti kikiwa juu mno, atasema hana usawa. Injini ikizimika mlimani kwa sababu kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni chafu, atasema hajui klachi. Klachi yenyewe ikiwa ngumu, atasema mikono yake ni dhaifu. Wewe uliyezoea utaitambua hitilafu papo hapo, yeye atarudi nayo nyumbani kama aibu. Kazi yako kabla ya siku ya kwanza ni kumwondolea kila hitilafu inayoweza kuondolewa, ili makosa yatakayobaki yawe yale ya kujifunza.

Muulize kwanza anataka kwenda wapi. Kuna anayetaka kufuatana nawe Jumapili hadi Kona Baridi, kuna anayetaka kufika shambani Kajiado peke yake, na kuna anayetaka tu kuzunguka uwanjani aone kama anapenda. Majibu haya hayanunui pikipiki moja. Na kama hana hamu kabisa, bali hamu ni yako, weka pesa benki.

Sasa urefu. Mpime. Asimame wima bila viatu, mgongo ukutani, aweke kitabu kigumu katikati ya mapaja na kukivuta juu hadi kimkae kama kiti cha baiskeli. Pima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Mke wangu alitoka na sentimita 74. Ile Honda CRF250L niliyomletea ina kiti cha takriban sentimita 87.5, kwa hiyo hesabu ingeniambia yote kabla sijatoa hata shilingi, kama ningepiga hesabu. Yamaha TT-R125LE ina kiti cha kama sentimita 80.5 na uzito wa karibu kilo 90. Honda CRF125F yenye magurudumu makubwa iko kwenye sentimita 78.5 hivi. Kwa mtu mfupi zaidi kuna TT-R110E, kiti sentimita 67, isiyo na mkono wa klachi kabisa: unabadilisha gia kwa mguu tu, basi.

Lakini namba za karatasi hazitoshi. Kiti kipana kinatanua mapaja na kukunyang'anya sentimita kadhaa. Buti zinakurudishia mbili au tatu. Springi nazo hushuka mtu anapokaa, na zinashuka kidogo tu kwa mtu mwepesi, kwa hiyo pikipiki inayokukaa sawa wewe mwenye kilo 85 inaweza kubaki juu kwa mwenye kilo 55. Ndiyo maana lazima akae juu yake mwenyewe, amevaa buti, pikipiki ikiwa wima bila stendi. Ninachotaka kuona ni nusu ya mbele ya nyayo zote mbili imekanyaga chini imara. Visigino vikielea si neno. Akigusa kwa ncha za vidole, mwache ashuke. Mafundi watakuambia wanaweza kukata springi ili pikipiki ishuke. Kataa, kwa sababu springi iliyokatwa inakuwa ngumu na safari yake, yaani nafasi ya kushuka na kupanda, inapotea. Kupunguza sponji ya kiti ni salama zaidi, na fundi wa viti vya magari anaifanya vizuri.

Uzito nao una mtihani wake. Ilaze pikipiki kwenye nyasi, injini imezimwa, umwombe aiinue mwenyewe: ashike usukani, asogee karibu, apinde magoti, asukume kwa miguu bali si kwa kiuno. Akiweza mara tatu mfululizo, pikipiki hiyo inamfaa. Ataiangusha tu. Sote tuliangusha. Tofauti kati ya anayeendelea na anayeacha mara nyingi iko hapo: yule anayeiinua peke yake anacheka na kuwasha tena, na yule anayengoja mumewe aje kuiinua anaanza kuogopa kila kona yenye mawe.

Kuhusu nguvu sitakaa sana. Cc 110 hadi 150 zinatosha. Epuka tustroki, zile za kuchanganyiwa oili kwenye petroli, kwa mwaka wa kwanza. Nguvu zake hulala, kisha huamka zote kwa mpigo, na anayeanza hushtuka akavuta aksileta zaidi badala ya kuiachia. Epuka pia pikipiki za mashindano ya motokrosi hata zikiuzwa kwa bei ya kutamanisha. Ziliundwa kuruka, viti vyake viko juu, na injini zinataka matengenezo kwa hesabu ya saa za kuendeshwa. Wapo watakaokuambia aanze na Boxer, ile ya bodaboda. Si wazo baya kwa kujifunza klachi na gia, maana ni ya chini, spea ziko kila kona, na imebeba watu na magunia katika barabara mbovu kuliko zote. Ila shoki zake hazina safari ya kutosha kwa mitaro na mawe, na tairi zake za lami zinateleza kwenye matope.

Kuna jambo la Nairobi ambalo wauzaji hawalisemi. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na ukipanda Ngong Hills unakaribia mita 2,460. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ndogo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake hapa mjini, na zaidi ukipanda. Pikipiki ya kabureta iliyopangwa kwa ajili ya usawa wa bahari inapofika huku hunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopata. Utaona moshi mweusi, plagi yenye masizi, na injini inayosita kila aksileta inapofunguliwa ghafla. Huo mlima unaomshinda mwenzako pengine unamshinda kwa sababu ya jeti, kitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta. Mpe fundi anayejua kabureta abadilishe jeti kubwa kwa iliyo ndogo kidogo na arekebishe skrubu ya hewa, kisha wewe uijaribu mlimani kabla ya mwanafunzi kuigusa. Zile zenye sindano za petroli za kielektroniki hujirekebisha zenyewe. Kama bei inaruhusu, hiyo peke yake ni sababu ya kuzichagua.

Halafu kuna swali la namba. Skrambla nyingi halisi, kama hizo TT-R, hazina taa wala vioo na hazikuundwa kwa barabara za umma. Hizo hubebwa kwa pikapu mpaka mahali pa kuendeshea. Ukiishi ghorofa ya tatu Pipeline au Kasarani, fikiria itakaa wapi usiku na nani atakukodishia pikapu kila wiki. Kwa wengi wetu pikipiki ya matumizi mawili, kama Honda XR150L au Yamaha XTZ 125, ina akili zaidi: ina taa, inasajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inapata namba ya pikipiki inayoanza na KM, unaipeleka mwenyewe. Ni nzito na ndefu zaidi, XR150L ikiwa na kiti cha karibu sentimita 82.5 na uzito wa kama kilo 129, kwa hiyo rudia mitihani yote miwili ya hapo juu. Na akitoka nayo barabarani awe na leseni ya pikipiki ya daraja A2, helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Sheria inadai hivyo.

Mahali pa kujifunzia patafutwe kabla ya kununua. Msitu wa Karura hauruhusu pikipiki, na mbuga ya Nairobi vivyo hivyo. Ngong Hills ina upepo mkali na mawe yaliyolegea, si shule ya mtu wa wiki ya kwanza. Tafuta ardhi ya mtu, tambarare, upande wa Kiserian au Isinya, uombe ruhusa na ukubaliane naye bei ikiwa anataka. Mkikutana na ng'ombe, zimeni injini wapite. Mchungaji aliyeheshimiwa leo ndiye atakayewaonyesha njia kesho. Angalia pia udongo. Mwekundu wa Karen na Limuru huteleza ukilowa lakini unakusamehe. Mweusi wa Kitengela na Athi River ukinyeshewa hujaa kati ya tairi na matigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo hata mwendeshaji wa miaka kumi anashuka kusukuma. Usimwanzishe mtu mwezi Aprili. Januari na Februari ni kukavu, na kuanzia Juni hadi Septemba kuna baridi tu.

Ukinunua iliyotumika, fika bila kutangaza saa kamili na ushike injini kabla haijawashwa. Ikiwa tayari ni ya moto, muuzaji anaficha ugumu wa kuwaka ikiwa baridi, na huyo mwanafunzi wako ndiye atakayepiga kiki mara thelathini asubuhi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ondoka. Inua gurudumu la mbele utikise, inua la nyuma utikise, kusiwe na kuchezacheza. Gonga spoki moja moja kwa spana, zilie sauti inayofanana, maana iliyolegea hulia kama bati bovu. Fungua chujio la hewa: mwenye pikipiki aliyelitunza alitunza na mengine. Linganisha namba ya chesisi, iliyochongwa kwenye shingo ya usukani, na iliyo kwenye logibuku, ile hati ya umiliki, herufi kwa herufi, na ufanye uchunguzi wa umiliki NTSA kabla ya kutoa hata amana. Uliza pia tairi. Hizi TT-R125LE na CRF125F hutumia gurudumu la inchi 19 mbele na 16 nyuma, na si kila duka la Kirinyaga Road lina saizi hizo. Piga simu tatu kwanza.

Mavazi ninayaacha mwishoni kwa maandishi tu. Kwa mfuko, yanatangulia. Chukua bajeti yote, utoe robo au theluthi, uiweke kando, na kilichobaki ndicho bei ya pikipiki. Helmeti iwe mpya, yenye alama ya usalama ya ECE au DOT, na achague yeye kwa kichwa chake. Ikazwe, kisha atikise kichwa: mashavu yafuate helmeti. Jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma, na ikitoka si yake. Gikomba nimenunua mengi mazuri, lakini helmeti ya mitumba hapana, kwa sababu sponji yake ngumu huangamia mara moja tu, ikianguka sana, na kwa nje huoni chochote. Buti zinazopita kifundo cha mguu na kufika karibu na goti ndizo zinazofuata, na kwa wanawake wa saizi 37 au 38 zitafute mapema maana ni adimu. Kisha pedi za magoti na viwiko, glavu, miwani ya vumbi, na ngao ya kifua. Hata kwa uwanjani, hata kwa gia ya kwanza. Watu wengi huanguka wakiwa karibu wamesimama.

Soma masharti ya bima yenu ya afya pia, kwani baadhi huondoa majeraha ya michezo ya namna hii. Namba 999 na 112 ziwe kwenye simu zote mbili, na mjue hospitali iliyo karibu na uwanja huo mnaoutumia, si iliyo karibu na nyumbani.

Pikipiki ikishafika nyumbani, legeza mikono ya klachi na breki, uisogeze karibu na usukani mpaka vidole viwili vya mwanafunzi vivute bila kujinyoosha. Kazi ya dakika kumi na spana namba nane na kumi. Paka kebo ya klachi oili. Punguza hewa ya tairi kidogo kwa ajili ya vumbi.

Kuhusu nani afundishe, kama mnamjua mtu mwenye subira mlipeni. Mimi nilijaribu na sauti yangu ilipanda. Ukilazimika kufundisha mwenyewe, siku ya kwanza pikipiki yako ibaki nyumbani. Nenda kwa miguu, na maji, spana na kitambaa cha kufutia vumbi, ukae mahali anapoweza kukuona lakini hakusikii.