Vespa ya gia kwenye hewa ya chumvi: hatua za kuitunza ikae miaka

"Mwanangu, chombo hiki kimezeeka kama mimi, kiache kipumzike." Hayo aliniambia mzee mmoja wa Makunduchi aliyeniletea PX 150 yake juu ya kirikuu. Nilifungua eksozi nikakwangua masizi, nikatia plagi mpya na waya mpya wa klachi. Kiki ya tatu ikawaka. Ugonjwa wenyewe niliukuta chini ya mipira ya kukanyagia. Bati la sakafu lilikuwa jembamba kama karatasi, kidole kinapita.

Watu huhesabu umri wa chombo kwa kilomita. Hapa Unguja hesabu hiyo haitusaidii. Saa za mwendo nyingi zimekufa zamani, na kisiwa chenyewe ni kidogo. Kinachokula vespa ni chumvi, tena huila ikiwa imesimama uani. Ndiyo maana hatua hizi zinafuata kalenda.

Nazungumzia vespa za gia zinazochanganywa oili na petroli: PX iliyotoka Italia kuanzia 1977, LML ya India ambayo ni ndugu yake wa damu, na kwa mengi hata Bajaj Chetak. Skuta mpya za otomatiki zina mkanda badala ya gia na oili yao ya injini humwagwa kama ya gari. Usizifuatishe humu, isipokuwa pale ninaposema habari za kutu.

Hatua ya 1: Kila ukijaza petroli

Jua kwanza chombo chako ni cha aina gani. Kama chini ya kiti kuna kidirisha kidogo cha kioo kinachoonyesha oili, basi kina tangi lake la oili na pampu inachanganya yenyewe. Wewe hakikisha tu kidirisha hakiwi kitupu. Kama hakina, unachanganya mwenyewe, asilimia 2, yaani mililita 20 za oili ya kuchanganya kwa kila lita. Tangi la lita 8 likijaa linataka mililita 160.

Usikadirie kwa jicho. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, likae chini ya kiti: lita moja, bomba moja. Oili itangulie tangini, petroli ifuate, ili zichanganyike zinapomiminwa. Halafu tikisa chombo kidogo.

Wapo wanaoona wakizidisha oili wanaipenda injini. La. Oili ikizidi, plagi inalowa, eksozi inaziba masizi, na petroli inayoingia ndani inapungua, injini inapata moto zaidi. Na anayesahau oili kabisa hana safari ndefu. Pistoni itashika, gurudumu la nyuma lifunge ghafla, naye yuko barabarani.

Ukifika nyumbani funga koki ya petroli. Kila usiku, bila kusahau. Sindano ya kabureta ikichoka kidogo tu, koki iliyoachwa wazi hujaza injini petroli mpaka asubuhi, na wewe unapiga kiki hadi jasho linakutoka.

Hatua ya 2: Kila wiki, chumvi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Osha chini, siyo juu peke yake. Na angalia unaosha kwa maji gani. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi, kwa hiyo mtu anasugua chombo Ijumaa nzima huku anakipaka adui yake. Tumia maji ya bomba au ya mvua uliyokinga. Mwenye kubeba mwani au tenga la samaki nyuma asingoje wiki, aoshe siku hiyo hiyo. Yale maji yanayochuruzika hupita ndani ya bodi.

Ukimaliza kuosha, pinda chombo kushoto na kulia maji yatoke. Bodi ya vespa ndiyo chesesi yake, haina mabomba ya chuma ndani kama pikipiki. Kwa hiyo kutu ya bodi siyo suala la urembo; sakafu ikioza, chombo kinaweza kukunjika katikati. Tafuta matundu ya kutolea maji chini ya sakafu, uyazibue kwa waya. Fungua ubavu wa kushoto, toa tairi la spea, pangusa nyuma yake. Sehemu nyingine ni pale pedali ya breki inapotoboa sakafu, na chini ya ile mipira niliyoitaja.

Mara moja kwa miezi michache ing'oe mipira hiyo, gonga bati kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza linajibu kama kadibodi. Ukikuta kutu changa, kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi. Usipake rangi juu ya kutu. Utakuwa umeifunika tu iendelee na kazi yake.

Uvunguni, mahali pasipoonekana, napaka oili chakavu ya giaboksi kwa brashi. Haigharimu kitu na inakaa vizuri. Iepushe tu na tairi na ngoma za breki.

Hatua ya 3: Kila mwezi, plagi na waya

Toa plagi injini ikiwa imepoa, kwa sababu nyuzi za kichwa ni za aluminiamu na zikiwa na moto zinang'oka. Itazame rangi. Kahawia kama ya kahawa ya maziwa ni salama. Nyeusi yenye mafuta maana yake oili imezidi au hewa haipiti vizuri. Nyeupe, simama hapo hapo: injini inakosa petroli au inavuta hewa pasipotakiwa, na karibu itashika. Safisha kwa brashi ya shaba, nafasi ya moto iwe milimita 0.6. Kwa PX 150 mimi hutumia NGK B7HS, yenye shingo fupi. Ukitia ya shingo ndefu kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani, pistoni itaigonga. Anza kuifunga kwa vidole, spana ije mwisho.

Waya za klachi na gia nazo hukauka kwa chumvi. Zilegeze, tia grisi. Wenzo wa klachi uwe na uhuru wa kama milimita 2 kabla haujaanza kuvuta. Gia ikiruka, usikubali upesi fundi akikuambia giaboksi ifunguliwe. Mara nyingi ni waya zimelegea. Zikishakazwa sawasawa na gia bado inaruka, hapo tena kile kipande chenye mikono minne kinachoshika gia ndani kimelika, na kukibadilisha ni lazima injini ipasuliwe.

Upepo wa tairi kwa PSI: 18 mbele, 25 nyuma ukiwa peke yako, 36 nyuma ukipakia mtu. Ukitaka kutoa tyubu, ondoa upepo wote kwanza. Rimu ya vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, na kuna nati nyingine zinazoshika gurudumu kwenye ngoma. Mwenye kufungua zile za vipande huku tairi limejaa, rimu itamrukia usoni.

Hatua ya 4: Masika yakiisha, oili ya giaboksi

Tangu Machi mpaka Mei chombo kimekuwa ndani ya madimbwi. Mwezi wa sita ndio wa kukifungua.

Endesha kidogo oili ipate joto, fungua nati ya chini, imwagike kwenye kopo safi. Itazame na uinuse. Vumbi la kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika, peleka kwa fundi. Ikinuka petroli, au ikitoka pungufu wakati chombo kimekuwa kikifuka moshi mweupe usiokwisha, basi oili sili ya kranki (mpira unaozuia oili isipite) upande wa klachi imekufa. Sili ni kitu cha bei ndogo, lakini ukiiacha utakuja kununua kranki.

Funga chini, tia mililita 250 za SAE 30 kwenye tundu lenye skrubu iliyoandikwa OLIO, mpaka ianze kufurika, chombo kikiwa kimesimama wima. Usitie oili ya gari ya kisasa. Ina dawa za kulainisha, na klachi ya vespa inaogelea humo humo, itateleza.

Siku hiyo hiyo kaza nati kubwa ya gurudumu la nyuma, tia pini mpya. Nati hiyo ikilegea meno ya ngoma husagika. Toa na bati la feni, safisha mapezi ya silinda: mchanga na majani vikijaa pale injini inapumulia, inapika. Eksozi ikiwa nzito na chombo hakipandi mwendo, ifungue ukwangue masizi.

Chombo kinapozima njiani

Kabla hujapiga simu, jaribu hili. Kinakwenda vizuri kilomita chache, kinazima, ukipumzika kinawaka? Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa ndani, kitundu cha kifuniko kimeziba. Kizibue kwa pini. Wapo waliouziwa kabureta nzima kwa ugonjwa huu.

Kama siyo hilo, na kinazima kila injini ikipata moto na kurudi ikipoa, angalia nyaya zinazotoka nyuma ya flaiwili, lile gurudumu la sumaku ubavuni mwa injini. Kwenye PX za zamani ganda lake huvunjika kama biskuti na moto wa plagi unapotea.

Ukisafiri miezi

Wengi wetu tuna watu Muscat au Dubai, na chombo kinabaki uani. Funga koki, acha injini iwake mpaka ijizime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili tunduni, piga kiki pole pole mara tano, rudisha plagi. Kisimamishe kwenye stendi mahali penye kivuli, ukifunike kwa shuka. Nailoni inafungia unyevu ndani.

Ukirudi, mwaga petroli iliyolala tangini, tia mpya yenye oili yake, weka plagi mpya. Kikiwaka kitafuka moshi mwingi dakika za mwanzo. Ni kile kijiko cha oili kinaungua.