Picha imemuudhi mtazamaji: fanya haya kabla hujaishusha ukutani

Mtu kuudhika ni sababu ya kuchunguza; haitoshi kuwa sababu ya kuondoa. Kwa hiyo malalamiko yakifika, kazi ya sanaa ibaki mahali pake mpaka uamuzi utoke. Ishushe papo hapo ikiwa tu inahatarisha watu au mahakama imeamuru.

Mwombe mlalamikaji aandike mambo matatu: ni kazi ipi na iko wapi, sehemu gani hasa imemuudhi, na anataka ifanyweje. Shughulika zaidi na hilo la pili. Wengi huanza na "ni aibu tupu", lakini ukiuliza kwa upole unakuta kinachowasumbua ni kwamba picha inatazamana na mlango na watoto hupita hapo. Kumbe tatizo ni mahali, na dawa yake ni kuihamisha.

Kisha nenda usimame palepale. Je, mtu anaweza kupita bila kuiona? Mwaka 1971, katika kesi ya Cohen dhidi ya California, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema waliokerwa na maneno yaliyoandikwa kwenye koti wangeweza kugeuza macho. Bango la barabarani halikwepeki hivyo. Mwaka 1976 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitamka kuwa uhuru wa kujieleza hulinda hata yanayoudhi na kushtua. Hata hivyo Handyside, mchapishaji wa Uingereza aliyeleta kesi hiyo, alishindwa. Usiichukue hukumu hiyo kama ruhusa ya kila kitu.

Uchochezi ni jambo jingine kabisa. Kazi ikichochea chuki ya taifa, rangi au dini hadi kuleta ubaguzi, uhasama au ukatili, Ibara ya 20 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inataka sheria iikataze. Hapo mwite mwanasheria mara moja.

Isipokuwa hivyo, anza na hatua nyepesi: ongeza maelezo kando ya kazi, weka tangazo mlangoni, hamishia chumba cha ndani. Usiifunike kwa kitambaa, maana kila apitaye atataka kuchungulia. Wala usihesabu saini za walalamikaji: mia moja zinaonyesha ukubwa wa hasira, hazithibitishi madhara.

Uamuzi utolewe na watu wasiopungua watatu, na mlalamikaji na msanii wote wapewe sababu kwa maandishi. Mkiamua kuondoa, piga picha kazi ikiwa bado ukutani pamoja na maelezo yake, andika tarehe, sababu na inakohifadhiwa, ili rufaa ikikubaliwa irudi ilivyokuwa.