Kuchora mpira wa bomba na ekseli laini za LEGO kwenye kompyuta: anza na urefu

Programu ya kuchora vitofali haijali kwamba mpira halisi una urefu wake. Vuta ncha, nao utarefuka kadiri unavyovuta; kosa utaligundua siku ya kujenga. Kwa hiyo urefu kwanza, umbo lifuate.

Katika LDraw, mfumo wa kuchora vitofali vya LEGO kwenye kompyuta, kipimo kimoja ni milimita 0.4. Kutoka kinundu (kile kidude cha juu ya kitofali) hadi kinundu ni vipimo 20, yaani milimita 8. Ekseli laini (fimbo inayopindika) ya urefu wa vinundu 11 ina vipimo 220, uipinde utakavyo. Kila ncha ikizama kinundu kimoja ndani ya tundu, zinabaki 180 za kuchezea. Wengi husahau kutoa hizo 40.

Weka kwanza vipande vigumu vitakavyoshika ncha zote mbili. Kama unatumia LDCad, programu mojawapo ya kuchorea kwa LDraw, chagua kiolezo cha kipande kinachopindika na ukiweke kama modeli ndogo inayojitegemea ndani ya faili lilelile. Mwelekeo wa pointi ya kwanza na ya mwisho ufuate mhimili wa tundu. Ukienda mshazari, mpira utaonekana umevunjika shingoni, maana mpira wa kweli hutoka tunduni ukiwa umenyooka, ndipo unapinda.

Sasa mkunjo. Ukiwa wa aina ya Bézier, yaani unaoongozwa na pointi za kudhibiti, robo duara hupatikana kwa kuipa mikono ya pointi zote mbili za ncha (mistari inayotoka kwenye ncha hadi pointi yake ya kudhibiti) urefu wa 0.552 mara nusu kipenyo. Nusu kipenyo kikiwa 80, mkono ni 44. Kukagua urefu, pima mstari mnyoofu kati ya ncha (113), kisha jumla ya mistari inayopita kwenye pointi za kudhibiti (139), ujumlishe na kugawa kwa mbili: 126. Hesabu kamili ya duara ni 125.7, kwa hiyo makadirio haya yanatosha kabisa. Urefu ukizidi, fupisha mikono au sogeza vishikio. Usiguse kipimo cha ukubwa, kwani kitabadilisha unene pia.

Vigawanyo vinane, yaani vipande vifupi vinavyounda mkunjo, kwa robo duara kama hiyo vinatosha. Kosa linabaki chini ya nusu kipimo, na faili halilemei.

Kinachosumbua zaidi ni msokoto. Ncha ya ekseli ni msalaba, hivyo ukiizungusha nyuzi 90 inaonekana ileile, lakini programu itausambaza mzunguko huo katika urefu wote. Ukiona mistari ya ubavuni inazunguka kama skrubu, rudisha ncha moja nyuzi 90 kinyume. Mpira wa duara hauonyeshi kosa hilo. Wa mikunjo au wa msalaba huonyesha mara moja.

Mwisho, fungua faili kwenye programu nyingine na utazame orodha ya vipande. Ukikuta vigawanyo kadhaa badala ya mpira mmoja, vimehesabiwa kimojakimoja: rekebisha orodha kabla ya kuagiza.