Kutenganisha Katizo la Haraka na Makatizo ya Kawaida kwenye LPC2148

Prosesa ya ARM7TDMI-S iliyomo ndani ya chipu ya LPC2148 hupokea makatizo (ishara zinazoisimamisha kazi yake kwa muda ili ishughulikie tukio) kwa njia mbili: FIQ, ambayo ni ya haraka, na IRQ ya kawaida. Katika mfano huu, mipigo ya enkoda (kipima mzunguko) ya mota inaingia kwa EINT0, ambayo ni ingizo la katizo la nje, na kupewa FIQ, ilhali herufi zinazopokewa na UART0, bandari ya mawasiliano ya mfululizo, zinapewa IRQ.

Hatua ya 1. Chagua chanzo kimoja tu cha FIQ. VIC, sehemu ya chipu inayosimamia makatizo, inaruhusu zaidi ya kimoja, lakini hapo programu italazimika kwanza kuchunguza ni kipi kilichoita, na muda uliokusudia kuuokoa utapotelea humo.

Hatua ya 2. Katika msimbo wa kuanzisha, ingia hali ya 0x12 (IRQ) kisha 0x11 (FIQ), na katika kila moja uipe R13 (rejista inayoelekeza kwenye steki) eneo lake la steki. Niliwahi kuisahau ile ya IRQ. Programu ilikwenda vizuri hadi herufi ya kwanza ilipoingia, nami nikapoteza siku nzima nikiilaumu waya.

Hatua ya 3. Katika rejista za VIC, andika VICIntSelect = 0x4000, kwa kuwa EINT0 ni chaneli ya 14. Weka anwani ya kishughulikiaji (msimbo unaoendeshwa katizo linapotokea) cha UART0 kwenye VICVectAddr0 na 0x26 kwenye VICVectCntl0. Mwisho kabisa, andika VICIntEnable = 0x4040.

Hatua ya 4. Andika kishughulikiaji cha FIQ kwa asembli. Hali hii ina R8 hadi R14 zake yenyewe, ambazo hubaki na thamani zake kutoka katizo moja hadi jingine. Kwa hiyo pakia mara moja tu anwani ya EXTINT (rejista yenye bendera za makatizo ya nje) kwenye R8 na ya kihesabio kwenye R9, kisha utumie R10 kuongeza moja bila kugusa steki. Futa bendera kwa kuandika 1 kwenye biti 0 ya EXTINT, na urudi kwa SUBS PC, R14, #4.

Hatua ya 5. Kishughulikiaji cha IRQ kisome U0IIR (rejista inayotambulisha katizo la UART0) na U0RBR (yenye herufi iliyopokewa), kisha kiandike 0 kwenye VICVectAddr kabla ya kutoka. Kisipofanya hivyo, VIC haitapitisha tena katizo la kipaumbele hicho. Kwa kuwa kuingia IRQ huzuia IRQ pekee kupitia biti I, bila kuzuia FIQ, mipigo huendelea kuhesabiwa wakati huo.

Programu kuu isikirudishe kihesabio kwenye sifuri, kwani mpigo unaoingia kati ya kusoma na kufuta utapotea. Itoe usomaji uliopita kutoka ule mpya.